Mihimili mitatu si ya Serikali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu ukurasa wa wanafunzi wa Jumamosi iliyopita, ambamo mlichapisha maneno 20 ya elimu ya uraia pamoja na maana zake, kwa ajili ya watoto wa darasa la sita na la saba na wale wanaoanza sekondari. Nimelifundisha somo hilo tangu lilipokuwa likiitwa Siasa, likaja kuitwa Uraia baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, na baadaye Uraia na Maadili, kwa hiyo najua ugumu wa kumweleza mtoto wa miaka 12 neno kama "mamlaka" kwa sentensi moja. Sikusudii kubeza kazi ya waandishi wako. Naandika kwa sababu ukurasa ule sasa umebandikwa kwenye ukuta wa darasa analosoma mjukuu wangu, na kilichobandikwa ukutani mtoto hukiamini kuliko anachosema mwalimu.

Tatizo langu kubwa ni neno la tano katika orodha. Mmeandika kwamba mihimili ya Serikali ni sehemu tatu zinazounda Serikali, yaani Serikali, Bunge na Mahakama. Mjukuu wangu aliponisomea sentensi hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Babu, sasa Serikali ni sehemu ya Serikali?" Sikuwa na jibu la kulitetea gazeti. Kitu hakiwezi kuwa nyumba nzima na wakati huo huo kiwe chumba kimoja cha nyumba hiyo. Mhimili ni kitu kinachobeba uzito, na neno lenyewe ni ndugu wa kitenzi kuhimili. Swali ambalo mwanafunzi anastahili kujibiwa ni uzito gani unaobebwa, na jibu lake ni uzito wa Dola, yaani mamlaka ya nchi, ambayo ndani yake Serikali ni mhimili mmoja tu kati ya mitatu.

Kosa hili si lenu peke yenu, na naamini najua lilikotoka. Kwa miaka mingi mtoto wetu alisoma Uraia kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta somo lile lile linafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo neno lake la serikali hubeba maana mbili: mara humaanisha mawaziri na watendaji wao, mara humaanisha mfumo mzima wa kuongoza nchi pamoja na wabunge na majaji. Aliyesoma hivyo akija kuandika kitabu au ukurasa wa gazeti kwa Kiswahili, huhamisha neno bila kuona kwamba Kiswahili cha Katiba yetu kimelitenga. Wala si jambo la kusema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Katiba ya mwaka 1977 iko kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Maneno yapo, ila wanaowafundishia watoto maneno hayo mara nyingi hawayafuati yalikoandikwa.

Tuyafuate, basi. Ibara ya 4 ya Katiba inazungumzia shughuli za mamlaka ya nchi, na inazikabidhi kwa vyombo viwili vya utendaji, viwili vya utoaji haki na viwili vya kutunga sheria. Mwalimu makini atagundua hapo kwamba tukihesabu vyombo, si vitatu bali ni sita, kwa kuwa kila kazi ina chombo cha Jamhuri ya Muungano na chombo cha Zanzibar: Serikali mbili, Mahakama mbili, na upande wa sheria Bunge na Baraza la Wawakilishi. Ibara ya 33 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu, na huwa nawaambia wanafunzi wahesabu vyeo hivyo kwa vidole, kwa sababu kama nchi na Serikali vingekuwa kitu kimoja, Katiba isingepoteza wino kumpa mtu mmoja vyeo viwili vya kazi moja. Halafu kuna ibara ya 6, ambayo ndiyo ngao ya wale wanaotaka neno Serikali liwe pana. Ni kweli inalipanua neno, lakini inalipanua kwa kuingiza Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, serikali za mitaa na kila mtu anayetekeleza madaraka kwa niaba yao. Bunge na Mahakama haikuvitaja katika upanuzi huo.

Nakubali kwamba neno "Dola" lina taabu zake darasani. Ukiliandika ubaoni, nusu ya darasa wanaona noti ya Marekani. Nusu nyingine, ambao husikiliza taarifa ya habari nyumbani, wanaona askari, kwa kuwa vyombo vya habari, gazeti lako likiwamo, hutumia "vyombo vya dola" karibu kila mara kwa maana ya polisi na wenzao, hata mtoto akadhani dola ni rungu. Wanasiasa nao wanatuambia kwamba lengo la chama ni kushika dola, wakati wanachokusudia hasa ni kuunda Serikali. Hata hivyo, ugumu wa neno si sababu ya kulitupa na kuweka badala yake neno lisilo sahihi. Mwalimu anaweza kusema "mamlaka ya nchi", kama Katiba inavyosema, na mtoto akaelewa.

Kuna msomaji atakayesema kwamba huu ni ubishi wa walimu wastaafu wasio na kazi. Ningependa msomaji huyo aangalie maana mliyoliandikia Bunge, kwamba ni chombo cha Serikali kinachotunga sheria. Ibara ya 63 inasema kwamba wabunge, kwa niaba ya wananchi, wana madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba Bunge ni la Serikali hawezi kuelewa usimamizi huo unafanyikaje. Ataona waziri akihojiwa bungeni afikiri ni watu wa ofisi moja wanaogombana mbele ya wageni. Na ninyi mmeliacha kabisa neno "kusimamia", mkabakiza "kutunga sheria", kana kwamba bajeti ya nchi hujipitisha yenyewe.

Kwa upande mwingine, mtoto asidanganywe pia kwamba mihimili hii imetenganishwa kwa ukuta wa zege. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge, na mawaziri wetu wote huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Muswada uliopitishwa na wabunge hauwi sheria mpaka Rais aukubali, na akiukataa anaurudisha pamoja na sababu zake. Ukipelekwa tena kwake kwa kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote, anapaswa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakisinzia wakiamka wanapofika kwenye siku hizo 21, kwa sababu hapo ndipo maneno makavu yanapogeuka kuwa watu wawili wanaotazamana. Ukurasa wenu uliutaja muswada kwa maneno matatu, "sheria ambayo haijapitishwa", ukaendelea na safari.

Mahakama ndiyo iliyoumizwa zaidi na orodha yenu, maana imeitwa "ofisi ya Serikali inayohukumu wahalifu". Kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro. Mahakama haishughuliki na wahalifu peke yao, kwa kuwa mgogoro wa shamba na wa mirathi nao hufika huko, na anayefikishwa kwa kosa la jinai ni mshtakiwa mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Lakini kubwa ni hilo la ofisi ya Serikali. Raia anaweza kuishtaki Serikali yenyewe, kwa kawaida baada ya kutoa notisi ya siku 90, na Serikali ikasimama upande wa mdaiwa kama mtu mwingine yeyote.

Mfano ninaoutumia ni ule wa umri wa ndoa, kwa sababu unawagusa wasichana walio mbele yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana naye, ikaitaka Serikali ifanye marekebisho. Serikali, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, ikakata rufaa. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwanafunzi akiifuata hadithi hiyo anaona sheria iliyotungwa na Bunge, raia mmoja anayeipinga, Serikali inayoitetea, na majaji wanaoikatalia Serikali. Anaona pia kwamba mahakama haikuandika sheria mpya yenyewe, bali iliwaachia kazi hiyo wenye nayo. Mpe mtoto huyo maana yenu ya mahakama, kisha umuulize ofisi ya Serikali iliwezaje kuishinda Serikali kwenye kesi. Atakuona wewe ndiye hujaelewa.

Sasa nishuke mtaani, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi atakakokutana na maneno haya kabla hajafika Dodoma, kama atafika. Mmeeleza kwamba serikali za mitaa ni "ofisi za wenyeviti wa mitaa". Mtoto wa kijijini akisoma hivyo ataona kwamba kwao hakuna serikali ya namna hiyo, maana kwao hakuna mtaa. Kuna kitongoji na kijiji. Neno "mitaa" katika jina hilo halina maana ya ule mtaa wa mjini wenye mwenyekiti na muhuri. Linabeba mfumo mzima wa mamlaka zilizo karibu na wananchi: kijiji na halmashauri ya wilaya kwa upande wa vijijini, na mtaa pamoja na halmashauri za miji, manispaa na majiji kwa upande wa mijini. Mfumo huo una historia ambayo wazee wenzangu wanaikumbuka. Ulifutwa mwaka 1972 tulipoambiwa madaraka yanakwenda mikoani, ukarudishwa hatua kwa hatua, kwanza mijini mwaka 1978 halafu kwa sheria za mwaka 1982, na leo umo ndani ya Katiba katika ibara za 145 na 146, ambazo zinataja lengo lake kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Maneno yanayowachanganya wanafunzi hapa ni yale ya vyeo. Niliwahi kuliuliza darasa langu nani aliyemchagua mkuu wa wilaya, na karibu wote wakajibu kwa sauti moja, "Wananchi!" Nikauliza diwani anateuliwa na nani, wakanijibu ni mkuu wa wilaya. Walikuwa wameyapindua yote mawili. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais na humwakilisha huko wilayani. Diwani huchaguliwa na wapiga kura wa kata yake. Mkurugenzi wa halmashauri ni mtumishi aliyeteuliwa, ilhali mwenyekiti wa halmashauri, au meya kwa manispaa na jiji, huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa, lakini mwenyekiti wa kijiji amepigiwa kura. Kila cheo katika orodha yenu kingeandikwa hivyo, kwamba mtu huyu amewekwa na nani na nani anaweza kumwondoa, watoto wangejifunza zaidi kuliko wanavyojifunza kwa kuambiwa kwamba diwani ni "kiongozi wa kata". (Wenzetu wa Kenya, nitaje tu kwa kupita, wameachana na udiwani, tangu kaunti zao zilipoanza kazi mwaka 2013 wanasema mwakilishi wadi.)

Lipo pia jambo ambalo hata watu wazima hulikosea. Uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, huchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Diwani, ingawa hukaa katika halmashauri ambayo ni mamlaka ya serikali za mitaa, hachaguliwi siku hiyo. Huchaguliwa katika uchaguzi mkuu, pamoja na mbunge na Rais. Hata orodha za wapiga kura ni mbili tofauti: ile inayoandikwa mtaani au kijijini kwa ajili ya uchaguzi wa wenyeviti, na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linalosimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Kijana aliyetimiza miaka 18 akijiandikisha katika moja akadhani amemaliza, anaweza kujikuta siku ya uchaguzi ule mwingine amesimama nje ya kituo na kitambulisho mkononi. Ukurasa wenu ulikuwa na nafasi ya picha kubwa ya sanduku la kura. Sentensi moja ya jambo hili ingetosha mahali pake.

Neno "halmashauri" nalo lilistahili aya yake. Kuna halmashauri ya wilaya, kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na kuna halmashauri za vyama vya siasa ambazo hazimo serikalini hata kidogo. Na juu ya halmashauri ya kijiji upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ambao ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya kijiji na hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hilo neno, mkutano mkuu wa kijiji, halimo kabisa katika maneno yenu 20, ingawa ndicho chombo pekee ambacho kila mwanafunzi wa kijijini atakuwa mjumbe wake pasipo kuchaguliwa na mtu.

Nawakumbusha vilevile kwamba gazeti lenu linasomwa Unguja na Pemba. Mwanafunzi wa huko hana mwenyekiti wa mtaa. Ana sheha na shehia, na sheha huteuliwa, hapigiwi kura. Ana mbunge anayekwenda Dodoma na ana mwakilishi anayeingia katika Baraza la Wawakilishi, na hawa ni watu wawili wenye kazi mbili. Orodha iliyoandikwa kana kwamba nchi inaishia Dar es Salaam inamfanya mtoto wa Zanzibar aone kwamba hata maneno ya nchi yake si yake.

Yaliyobaki ni madogo, nayataja haraka. Kodi na mchango si kitu kimoja: ibara ya 138 inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na mzazi anayeletewa karatasi ya mchango anayo haki ya kuuliza umepitishwa na kikao gani. Kuhusu "raia" na "mwananchi", mmeandika kwamba maana yake ni moja. Kwa mazungumzo ya kila siku sina ugomvi, ila ningefurahi kama mngetumia mistari miwili kueleza kwamba neno raia lilitujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa, wakati mwananchi tulimuunda wenyewe kwa mwana na nchi. Kisha mngeiweka ibara ya 8 pembeni yake, inayosema kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, mkawaacha watoto wajadili wenyewe kama wao ni kundi au ni wenye nchi. Mjadala huo niliwahi kuuanzisha kipindi cha mwisho cha Ijumaa, na kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa hakuna aliyenyanyuka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa ule urudiwe katika toleo mojawapo la Jumamosi, ukubwa ule ule ili uweze kubandikwa juu ya ule wa kwanza, na kwamba neno la tano lisomeke "mihimili ya Dola". Mkitaka kumpa mtu auhakiki kabla ya kuchapwa, mpeni mwanafunzi wa darasa la saba anayeuliza maswali, naye atawasaidia kuliko mimi. Na mwamue pia kama ni "muswada" au "mswada", kwa sababu Jumamosi iliyopita mliandika yote mawili katika safu moja, na mjukuu wangu amenipa jukumu la kumweleza tofauti yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro